Warsame, Pole Yako Ninayo Mimi

Mtani wangu Warsame,

Nakuandikia nimekaa kitandani kwako. Usianze. Najua hukupenda mtu akalie shuka lako, lakini chumba hiki kina viti viwili tu, kimoja kimevunjika mguu na kingine kina mabegi ya Farah, mwenzetu wa chumba, na wewe mwenyewe kitanda hukitumii tena. Kwa hiyo tulia unisikilize. Faida pekee niliyoipata kwa kufa kwako ni hii, kwamba sasa naweza kusema jambo mpaka mwisho bila kukatwa.

Barua yenyewe naiacha wazi, aisome anayetaka. Wewe huwezi, na hata ulipokuwa mzima ulisema mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino. Sawa. Mimi niliishia darasa la nne kule Handeni; la tano lilinitazama likafunga mlango. Lakini nina kitu chako hapa ambacho si changu, nimeachiwa mikononi, na sijui pengine pa kukipeleka. Nitakifikia. Kwanza vumilia nikusimulie habari zako mwenyewe, maana wasomaji hawakujui.

Unakumbuka siku niliyohamia? Nilikuwa nimepika miaka mingi nyumbani kwa watu kule Muaither, mzee wa nyumba akafa, watoto wakataka piza, mimi nikaonekana sina maana. Nikapata kazi kwenye mgahawa hapa mtaa wa Najma, Doha, na kitanda katika chumba hiki, juu ya duka la fundi cherehani. Nikaingia na godoro kichwani. Wewe ulikuwa umekaa hapahapa, ndevu umezipaka hina, miwani imeshikiliwa na uzi, ukaniuliza kwa Kiswahili mlichookota Kenya wewe na Farah, "Wewe mzee ni mtu wa wapi?"

Nikasema Mzigua, wa Handeni, Tanga.

"Sijaskia hiyo kabila."

"Hujasikia? Babu zangu walipelekwa kwenu wamefungwa kamba, wakalimishwa mashamba kando ya mto Juba, na vitukuu wao wako huko mpaka leo wanaongea Kizigua. Nyinyi ndio mliowanunua. Basi kuanzia leo wewe ni mtani wangu."

Uliruka kama umekalia kaa la moto. "Zii, zii, mzee! Wenye walinunua ni watu wa kusini. Uliza Mogadishu. Sisi wa Hargeisa hatuna hiyo maneno."

Na Farah, ambaye alikuwa amelala uso ukutani na mimi nilidhani ni rundo la nguo, akageuka akasema, "Hata sisi wa Garowe hatumo. Hiyo ni kusini."

Nilicheka mpaka nikaketi juu ya godoro langu. Baadaye nikaja kujua kwamba katika mambo yote ya nchi yenu, hilo ndilo pekee mliloafikiana.

Nikawafundisha utani. Niliwaambia kwetu watu waliopigana zamani, au wakauzana, au wakaibiana ng'ombe, wajukuu wao wanageuka watani. Mnyamwezi ananiita mbwa mbele ya mkwe wangu na mimi natakiwa nicheke. Akifa, naenda msibani kwake, navaa koti lake na kofia yake, natembea kama yeye, nakohoa kama yeye, nawadai waombolezaji tumbaku kwa sauti yake, na mjane anacheka huku machozi yanamtiririka. Akasirikaye ndiye mwenye aibu.

"Hiyo ni dini gani?" uliuliza.

"Si dini. Ni dawa."

Farah akasema, "Kwetu mtu akivaa kofia ya maiti akimwigiza, wanachimba kaburi ya pili hapo hapo."

"Ndiyo maana hamuelewani," nikamwambia. Mkacheka wote wawili. Nakumbuka kicheko chako, kilianza na mluzi kwenye pua kabla ya kufika mdomoni.

*

Haya, tuseme ukweli. Mlinichosha. Wewe ulikuwa unapokea mifugo kule soko la wanyama, Farah anaendesha lori la maji ya kunywa, anapeleka mpaka The Pearl, kisiwa cha matajiri, kwa watu ambao maji ya bomba yanawachafua. Jioni mnarudi mmechoka kama punda, na mimi nilidhani watu wa namna hiyo watalala. Wapi! Mnakula, mnanawa, mnaswali bega kwa bega, mnatoa salamu kulia na kushoto, na kabla mkeka haujakunjwa mmeshaanza.

Wewe unatoa simu, uisifu Somaliland yenu, iliyojitenga na Mogadishu na ambayo hakuna nchi inayoitambua. "Ona Berbera. Ona hiyo bandari. Ona winchi. Ona barabara, lami hadi mpaka wa Ethiopia. Hargeisa mama wa mboga analipwa kwa simu, hata kama ni chai. Askari wetu, pesa zetu, mahakama zetu. Tunapiga kura, mtu anashindwa, anaenda nyumbani. Mogadishu wanaweza?"

Farah naye anatoa yake, alisifu jimbo lake la Garowe, ambalo halijajitenga lakini linajiendesha. "Ona Garowe. Ona uwanja wa ndege. Ona Bosaso. Ubani wote huu mnachoma hapa Doha mkijidai, unatoka milima gani? Samaki je?"

"Samaki ama maharamia?"

"Maharamia walikuwa wanalinda samaki!"

"Kwa kuteka meli ya Mhindi?"

Na mimi hapo katikati nakata vitunguu. Mkanifanya hakimu kwa sababu sina kwetu huko. Nikaangalia video zote mbili, nikaona winchi, nikaona uwanja wa ndege, nikatoa hukumu ambayo mpaka leo najivunia, maana niliitoa bila darasa la tano. Nilisema, "Warsame, wewe una nyumba nzuri, ina bati, ina choo cha ndani, lakini haina hati. Mogadishu ana hati yenye muhuri, anaitwa kwenye mikutano yote ya wenye nyumba, lakini nyumba yenyewe mlango unalindwa na askari wa jirani na dirisha linalipuliwa kila mara. Na wewe Farah una chumba chako katika kiwanja cha Mogadishu, hati yake unaitumia ukitaka kusafiri, lakini akija kudai kodi unafungulia mbwa."

Farah alinirushia ndala. Wewe ulisema, "Mzigua, hiyo ya kwanza irudie."

Lakini nilikuona, Warsame. Ulicheka, kisha ukawa unafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Ukaniambia, si kwa sauti ya ubishi, "Mzee, mimi nimezeeka. Hiyo nyumba nimeona ikijengwa kutoka kifusi. Hargeisa ilipigwa na ndege za nchi yake mwenyewe, ndege zinapaa hapo hapo uwanja wa mji, zinageuka, zinapiga mji. Mimi nilitembea kwa miguu mpaka Ethiopia nimebeba mama. Halafu leo mtu ananiambia rudi kwa yule alikupiga ndio tukupe jina. Wewe ungerudi?"

Nilikupa kipande cha nyama.

Na siku uliyonipeleka sokoni kwako kabla ya Idi ya kuchinja! Kondoo wameshuka melini, weupe mwili mzima na kichwa cheusi, wamejaa mazizi, wanalia. Ukasimama katikati yao kama waziri. Ukaniambia huyu wa Berbera, yule wa Berbera, wale pale Berbera. Nikakuuliza, wamepitaje? Ukasema wana karatasi ya daktari wa mifugo, ina nembo ya Somaliland, imegongwa muhuri, mambo yamekwisha.

Nikasema, "Kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Kumbe kondoo wako anatambuliwa. Ni wewe tu usiyetambuliwa."

Waliokuwepo walicheka mpaka kondoo wakashtuka. Wewe hukucheka haraka. Ulimshika yule kondoo masikio, ukamtazama usoni muda, ukasema, "Lakini yeye wanamchinja." Ndipo ukacheka, ule mluzi wako.

Maana wewe ulikuwa na paspoti mbili. Ile ya Hargeisa uliiweka ndani ya foronya, ukailalia kila siku, na hakuna askari wa uwanja wa ndege wa hapa aliyewahi kuigusa. Nyingine ni ile ya Mogadishu, iliyokuingiza mji huu na kukupa kibali cha kazi. Hiyo uliiweka kwenye mfuko wangu wa vitunguu. Nilikuuliza kwa nini vitunguu. Ukasema, "Inanuka. Wacha ikae na wenzake."

*

Sasa nafika mahali ambapo mkono unataka kuacha kalamu.

Wasomaji, kuna mji unaitwa Las Anod. Uko katikati, Hargeisa inasema ni wake kwa mipaka ya Mwingereza, Garowe inasema ni wake kwa damu na ukoo. Halafu siku moja wenyeji wenyewe wakasema hatuwataki hata mmoja wenu, sisi tutajitawala, tutaongea na Mogadishu moja kwa moja. Bunduki zikaanza. Miezi mingi. Watu wakahama na magodoro vichwani, kama mimi nilivyoingia Najma, ila wao hawakuwa na chumba mbele.

Wewe ulikuwa na mtoto wa dada yako kule, upande wa jeshi la Hargeisa. Alikuwa fundi simu. Ulinionyesha picha yake amekaa nyuma ya meza ndogo, anacheka, bisibisi sikioni kama seremala. Farah alikuwa na mtoto wa kaka yake, upande wa pili, mwanafunzi wa uuguzi, aliyekwenda kufunga watu vidonda.

Wakafa wote wawili, wiki moja. Wa kwako alianza. Wa Farah alifuata kabla hata chai ya matanga yako haijapoa.

Na chumba ni hiki kimoja.

Nani amewahi kuona kitu kama kile? Mlitundika shuka katikati, kutoka msumari wa feni mpaka kabati. Wageni wako wakakaa huku, wageni wake wakakaa kule. Wanakuja watu wa Hargeisa walioko Doha, madereva, walinzi, wafanyabiashara wa mbuzi, wanavua viatu mlangoni. Wanakuja watu wa Garowe, wanavua viatu mlangoni. Viatu ndivyo vilichanganyika, watu hawakuchanganyika. Huku wanasoma Kurani, kule wanasoma Kurani, sura ileile, nusu aya mbele, nusu aya nyuma. Na mimi Mzigua nina birika moja. Namimina huku, nainama chini ya shuka, namimina kule. Nikirudi huku mtu mmoja ananiuliza kwa Kiarabu, "Wale wanasemaje?" Nikamwambia, "Wanasema chai haina sukari." Nilikuwa naongopa. Walikuwa wanalia.

Matanga yakaisha, shuka ikabaki.

Hukumpa pole, Warsame. Naye hakukupa. Watu mliokula sahani moja, mliolala pumzi kwa pumzi, na neno lenyewe ni dogo, hata mtoto anayejifunza kuongea analiweza. Nilikufuata sokoni kwako, nikakuambia katikati ya kondoo, "Mpe pole yule mtu. Amefiwa."

Ukasema, "Aanze yeye. Wao ndio walianza."

Nikamfuata Farah kwenye lori lake. "Aanze yeye," akasema. "Mji si wao."

Nikarudi kwako. "Farah anasema uanze wewe."

"Nikisema pole kwa mtoto wake, nimesema mtoto wake alikuwa na haki kuwa pale."

Nikamrudia. Yeye naye: "Nikisema pole kwa mtoto wake, nimesema jeshi lake ni jeshi."

Sasa mimi nilisoma kidogo, lakini hapo ndipo niliielewa siasa ya nchi yenu kuliko kwenye redio yoyote. Kila mmoja ameshika kitu ambacho mwenzake anakihitaji, hakimgharimu chochote kukitoa, na yuko tayari kuzeeka nacho mkononi kuliko kuwa wa kwanza.

Nikajaribu utani. Nikawaambia nyinyi sasa mmepigana, mmeuana, mmehitimu; kwa sheria za kwetu wajukuu zenu watakuwa watani wakubwa kabisa, hawatadaiana hata nauli. Farah akatoka nje. Wewe ukaniambia, "Mzigua, funga mdomo," na hukuniambia kwa utani. Ilikuwa mara ya kwanza. Nikafunga.

Halafu ikaja ile siku ya habari kwamba Ethiopia imetia saini na Hargeisa, watapewa pwani kwa ajili ya meli zao, na wao wataitambua Somaliland. Ee bwana! Ulifika na halwa ya Oman, makopo mpaka kwapani. Ulimpa fundi cherehani, ukampa Mnepali wa ngazini, ukawapa Waganda wa chumba cha pili ambao hawakujua wanasherehekea nini wakasema amina. Ndevu zako ulizipaka hina upya. Ulilia, Warsame, niliona. Uliniambia, "Mzee, mtu mmoja tu. Tulikuwa tunangoja mtu mmoja tu aseme."

Kisha ukafanya jambo ambalo nililiona nikasema moyoni, haya, leo limekwisha. Uliingiza mkono chini ya shuka, ukaweka kipande cha halwa kwenye kisahani, juu ya kitanda cha Farah. Farah alikuwa kazini.

Aliporudi alikitazama. Akaniuliza, "Hii ni ya nini?"

Nikasema, "Ni ya kula."

Akakiweka dirishani. Hakukitupa, wala hakukila. Kikakaa pale. Wiki zikapita, ile saini ikaanza kurudi nyuma, wakubwa wakakutana kwingine, wakasema mengine, redio ikanyamaza juu ya pwani na meli. Sisimizi wakapanda ukuta kutoka kwa fundi cherehani wakakigawana kile kipande, punje kwa punje. Wewe ulikuwa unawaangalia kutoka kitandani kwako, kupitia upenyo wa shuka. Nilitaka kusema kwamba wao angalau wametambua. Sikusema. Unaona jinsi mlivyoniharibia kazi yangu?

*

Ndipo figo zikaanza.

Sitaieleza hospitali, uliijua wewe. Nitaeleza lori. Maana ndani ya lori la maji nimesikia mambo ambayo nikienda kusimulia Handeni watasema joto la Uarabuni limenipasua kichwa. Farah alikupeleka kusafishwa damu kila mara ulipoitwa. Hakuna aliyemwomba. Anashuka ngazi, anawasha lori, anakaa. Mimi nakushika mkono tunashuka, unakaa dirishani, mimi katikati. Mnatazama mbele wote wawili.

Unasema, "Mzigua, mwambie dereva apunguze hiyo kiyoyozi."

Nasema, "Farah, punguza kiyoyozi."

Farah anasema, "Mwambie mgonjwa avae sweta."

"Warsame, vaa sweta."

"Mwambie sweta iko kwa kufua."

Farah anapunguza kiyoyozi, jasho linamtoka mpaka kwenye usukani. Watu wawili waliozaliwa na lugha moja, wanasemezana kwa Kiswahili cha kuazima, kupitia kwa mjukuu wa waliouzwa. Nikawaambia siku moja mimi ndiye Umoja wa Mataifa, nilipwe mshahara. Nilikuona ukigeuka dirishani. Bega lako lilitikisika. Nikajua umecheka, na nikajua Farah amejua.

Ulitaka kwenda nyumbani. Hilo ulinieleza mimi peke yangu. Ulitaka ukae kwenye kibaraza cha dada yako Hargeisa, umpe pole ya mtoto ana kwa ana, maana kwenye simu ulikuwa umelia tu. Lakini paspoti ya vitunguu ilikuwa imeisha muda, na ya foronya hapa si kitu. Ilibidi uende ubalozini, usimame mbele ya bendera ya Mogadishu, useme mimi ni wenu. Nikasema twende, mimi nitasimama nyuma yako nitoe ulimi. Ukasema, "Baada ya Idi." Idi ikapita. Ukasema, "Nikipata nguvu." Nguvu ndizo zilizopita.

Ulikufa mchana, kwa adabu, wakati wa kubadilisha shuka za wodi, kana kwamba hukutaka kumsumbua muuguzi mara mbili. Wakataka karatasi zako. Nikarudi nyumbani nikazamisha mkono kwenye vitunguu. Pale penye uraia wakaandika walichokikuta. Nilikutazama usoni nikingoja uinuke ubishe. Hapo ndipo niliamini kwamba umekufa kweli.

Makaburini hapa, wajua mwenyewe, mambo ni ya haraka, mchanga mtupu, jiwe dogo, hakuna jina kubwa la mtu wala la nchi yake. Walitaka mtu wa kuingia kaburini kukupokea. Watu wa Hargeisa wakatazamana, mzee huyu mgongo, yule magoti. Farah akavua viatu akaingia. Hakuuliza mtu. Akakupokea kwa mikono miwili, akakulaza ubavu, akakuelekeza kibla, akakuwekea udongo chini ya shavu kwa namna ambayo mama anamwekea mtoto mto. Watu wako walimwona, hawakusema asante, hawakusema ondoka. Mimi nilisimama juu nikawaza kwamba malaika wakija watakuuliza Mola wako nani, dini yako nini, Mtume wako nani, na hakuna hata swali moja la nchi, na wewe utawakatalia wasiondoke mpaka wakuulize na hilo. Ningelisema kwa sauti wangenizika pembeni yako.

*

Sasa kile kitu chako.

Leo baada ya magharibi Farah aliishusha ile shuka. Akaikunja vizuri, akaiweka kabatini. Chumba kikawa kikubwa kupita kiasi. Akakaa kitandani kwake akanitazama, mimi namenya vitunguu ambavyo havina paspoti tena, akasema, "Mzee Mzigua. Nitanie."

Nilidhani sikusikia. Huyu aliyesema mwigizaji wa maiti anachimbiwa kaburi la pili!

"Nikutanie nini?"

"Fanya ile ya kwenu. Mfanye yeye."

Nikanawa mikono. Nikavaa kofia yako, Warsame, ile ya nakshi za kijani. Nikavaa miwani yako, nikafunga ule uzi nyuma, dunia yote ikaingia ukungu. Nikakaa hapa nilipo. Nikapiga mluzi puani. Nikasema kwa sauti yako, "Warya Farah! Ona Berbera. Ona winchi."

Farah akafunika mdomo. Kisha akasema, "Winchi ya kukopa."

"Ya kukopa iko juu. Yako iko wapi? Bosaso mnashusha mizigo kwa punda!"

"Punda wetu anatambuliwa dunia nzima!"

Tukaenda hivyo. Nilikohoa kikohozi chako. Nilifuta miwani isiyo na vumbi. Nilimbishia kwa Kiswahili chako cha Kenya, "zii, zii," nikamtajia maharamia, akanirushia ndala ikanipita sikioni. Farah alicheka mpaka akajishika ubavu, na Waganda wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Nakuapia, kwa muda mdogo tulikuwa watatu humu ndani.

Halafu akaacha kucheka. Akanitazama, lakini si mimi. Alitazama kofia na miwani. Akasema kwa Kisomali kwanza, polepole, kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami niwe shahidi.

"Walaal, ndugu yangu, pole kwa mtoto wa dada yako."

Akangoja.

Warsame, mimi sauti yako naijua yote. Najua unavyoitikia salamu, unavyomwita kondoo, unavyomlaani dereva wa pikipiki, unavyosema Somaliland kama mtu anayetaja jina la binti yake. Nilifungua mdomo nijibu. Nikatafuta sauti yako ikisema "pole na wewe, Farah, kwa mtoto wa kaka yako." Nikaitafuta kila mahali. Sikuipata, kwa sababu hukuwahi kuisema. Mwigizaji haigizi kitu ambacho hakijawahi kusikika. Ningeisema kwa sauti yangu, ingekuwa pole ya Mzigua, na hiyo alishapewa pamoja na chai.

Akangoja muda mrefu. Sisimizi wachache bado wanapita pale dirishani, sijui wanatafuta nini.

Mwisho akainuka, akanivua miwani usoni kwa mikono miwili, taratibu, akaikunja miguu yake, akaiweka juu ya mto wako. Akazima taa ya upande wake, akalala uso ukutani, kama siku ile niliyomwona mara ya kwanza.

Basi nimekufikishia. Amesema. Yeye ndiye aliyeanza. Umeshinda, mzee, kama kushinda kwenyewe ndiko huku. Kofia bado ninayo kichwani, nimeshindwa kuivua, na kuna mtu nyuma yangu yuko macho, anajifanya amelala, anasikia kalamu inavyokwaruza, na anadhani labda unamjibu.

Lala salama kwenye mchanga wa watu.

Mimi, mtani wako, mjukuu wa waliouzwa